Mahakama imeweka zuio, mikorosho inakatwa usiku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linaloniuma, maana huku kusini naona limeshakuwa mazoea na hakuna anayelisema wazi. Mahakama inatoa zuio kwamba shamba fulani au kiwanja fulani kisiguswe mpaka kesi iishe, mtu analipokea, analisoma, wakili wake anamwelewesha, halafu wiki haijaisha anaingia na msumeno. Ukimuuliza anakwambia hiyo ni karatasi tu, kesi bado mbichi, shamba ni la babu yangu. Na watu wazima wenye heshima zao kijijini wapo pembeni wanaitikia kwa kichwa.

Mimi nina stesheneri hapa Mtwara mjini, nachapa na kutoa kopi, na kwa kuwa siko mbali na mahakama kazi yangu kubwa ni nyaraka za kesi, viapo, maombi, barua za kuomba nakala ya hukumu. Sio wakili na simtungii mtu kesi, anayekuja hana karatasi iliyoandaliwa namwelekeza kwa mawakili au kwenye msaada wa kisheria. Lakini ukichapa vitu hivi muda mrefu unaona mambo yanavyokwenda, na wapo watu niliowachapia maombi ya zuio, wakashukuru, wakaondoka na amri yao ina muhuri imewekwa kwenye bahasha vizuri, kisha wakarudi na simu mkononi wananionyesha picha za visiki.

Ugomvi wote unaanzia kwenye kutoelewa zuio linafanya kazi gani. Zuio la muda halisemi shamba ni la nani. Hakimu au jaji hajamaliza kusikiliza mashahidi, hajaona mpaka uko wapi, hajajua nani mkweli nani muongo, anachosema ni kwamba hiki kitu kikae kama kilivyo ili siku nikimaliza kusikiliza kiwepo cha kumkabidhi mwenye haki yake. Basi, hakuna zaidi. Kwahiyo yule anayelalamika "kesi haijaisha, wananizuiaje kwenye shamba langu", ni hivi, amezuiwa kwa sababu haijaisha, ikishaisha zuio hilo halina kazi tena. Na halitolewi kiholela. Kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, ambayo mawakili wetu wanaiweka karibu kila ombi la zuio ninalochapa, ilitaja mambo matatu, kwamba liwepo jambo la maana la kuamuliwa na mwombaji awe na uwezekano wa kushinda, kwamba bila mahakama kuingilia atapata hasara ambayo baadae haitarekebishika, na kwamba ukipima huku na huku, mwombaji ataumia zaidi zuio lisipotolewa kuliko mwenzake atakavyoumia likitolewa. Na kwa kawaida upande wa pili unaitwa usikilizwe kwanza, isipokuwa pale ambapo kungoja kungeharibu maana yote ya ombi. Yaani mtu ameitwa, ameleta kiapo chake kinzani, wakili wake amesimama akasema, hakimu akaamua. Halafu huyohuyo akifika nyumbani anaamua upya, peke yake, kwa msumeno.

Hiyo habari ya hasara isiyorekebishika huku kwetu haihitaji darasa. Mkorosho unaupanda leo, hata uchukue miche bora ya kituo cha utafiti cha Naliendele utasubiri kama miaka mitatu ndo uone korosho za mwanzo, na kufikia kusema sasa navuna ni miaka zaidi ya hapo. Ile ya wazee ina umri wa mtu mzima, imesomesha watoto, imejenga nyumba za bati Tandahimba na Newala yote, imelipa matanga na harusi. Msumeno wa mashine unauangusha mti kama huo kwa dakika chache. Sasa mahakama ikija kusema huko mbele kwamba mwenye shamba ni mama fulani, inampa nini, ardhi yenye visiki? Kuni zimeshauzwa, mkaa umeshapanda gari, aliyekata hana hata baiskeli ya kukamatwa, fidia itaandikwa kwenye hukumu na itabaki humohumo kwenye hukumu.

Kuna mama mmoja wa huko juu Makonde, jina simtaji wala kijiji sitaji kwa kuwa shauri lake bado linaendelea. Mume alifariki akaacha shamba la mikorosho, wapwa wa marehemu wakasema kwa mila yetu mali ya mjomba inarudi kwa wapwa, watoto wakasema baba kaipanda miti hii tumeshika miche kwa mikono yetu. Mnajua wenyewe hii kesi ilivyo huku kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo tunaufuata kwa mama na sheria ya nchi ina njia zake, na mimi sisemi nani mwenye haki, hiyo kazi ya mahakama. Mahakama ikaweka zuio, wote wawili wamo ndani ya chumba wakati linasomwa. Nakala ikapelekwa kijijini, ikapokelewa. Jumamosi alfajiri vijana wakaingia na mashine. Yule mama alipokwenda na kanga yake kichwani kuwauliza, mpwa akamjibu, "Mama, mahakama iko mjini, shamba liko hapa." Ndo jibu alilopewa mjane mbele za watu, na hakuna mzee hata mmoja aliyemkemea kijana yule.

Hilo jibu limenikaa rohoni mpaka leo, kwa sababu akiwa sahihi yeye basi sisi wote hatuna mahakama, tuna majengo tu. Katiba yetu ibara ya 107A inasema mamlaka yenye kauli ya mwisho ya utoaji haki katika Jamhuri ya Muungano ni Mahakama. Haijasema mjini tu. Hapa Mtwara tuna Mahakama Kuu kabisa inayohudumia na ndugu zetu wa Lindi, mtu anatoka Kilwa au Liwale na nauli ya kukopa anakuja kutafuta haki badala ya kushika panga, halafu aliyekataa kungoja ndo anaonekana mwanaume.

Kingine kinachowapa watu kiburi ni kuamini kwamba kesi ya madai haina jela. Nimeisikia hii hata kwa waliosoma. Ni kweli ukishindwa kesi ya shamba hufungwi kwa kushindwa, ila kuvunja zuio ni jambo lingine kabisa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kwenye ile sehemu yake inayoitwa Amri ya 37, inayohusu mazuio ya muda, inasema mtu akikaidi, mahakama iliyotoa zuio inaweza kuagiza mali yake ikamatwe, na pia inaweza kuagiza awekwe ndani kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi sita, isipokuwa mahakama yenyewe iamue kumtoa kabla. Mali iliyokamatwa inaweza kushikiliwa mpaka mwaka mmoja, na kama bado anaendelea na ukaidi wake inauzwa, kwenye hela hiyo mahakama inaweza kumpa fidia aliyeumizwa na kinachobaki anarudishiwa anayestahili. Wangapi wanalijua hilo? Wengi wanadhani mwisho wa yote ni hakimu kukasirika. Na hapo sijagusa Kanuni ya Adhabu ambayo nayo ina kosa la kukaidi amri halali, kifungo chake kinafika miaka miwili. Ukiwa chini ya kampuni au chombo kilichosajiliwa usijifiche nyuma ya jina la ofisi, zuio likielekezwa kwa chombo linawabana na wanachama na maofisa wake ambao vitendo vyao ndivyo vinavyozuiwa. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya nayo, sheria ya mahakama za ardhi ya mwaka 2002 inayaelekeza yatumie hiyohiyo Sura ya 33 pale kanuni zao zinapopungua, kwahiyo asidanganyike mtu kwamba kwenye baraza hamna meno.

Lakini na sisi tunaolalamika tuwe wakweli. Sio kila karatasi yenye muhuri ni zuio la mahakama. Barua ya mtendaji wa kijiji inayosema "shughuli zisimame" ni ya kiutawala, inaweza kusaidia amani ikawepo, ila huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwamba ameidharau mahakama kwa kukataa barua ya mtendaji. Baraza la kata nalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, haliamui tena nani mshindi wa ardhi. Watu wanakuja kwangu wamebeba muhtasari wa kikao cha kata wanauita zuio, inabidi niwaambie mama hili sio, baba hili sio, nenda kwenye baraza la wilaya au mahakamani ukaombe lenyewe. Wanaumia maana wamepoteza muda na miti inaendelea kukatwa.

Na kudharau mahakama lazima kuthibitishwe, haitoshi kusema alikata, tumemuona. Iwepo amri yenyewe, ieleweke inakataza nini, aliyezuiwa awe anaijua, na akaivunja kwa makusudi akiwa anajua. Na kwa kuwa mtu anaweza kupoteza uhuru wake, mahakama hazichukulii kirahisi, mtu anaitwa ajieleze kwanza na ushahidi unatakiwa uwe mzito. Hapo kwenye kujua ndipo ujanja wote ulipo. Wapo wanaokimbia samansi, wakisikia kuna mtu anatoka mahakamani wanatokea mlango wa uani, mke anafundishwa aseme mzee kasafiri kaenda Msumbiji. Wapo wanaopokea wakakataa kusaini. Wapo wanaotumiwa picha ya amri kwenye WhatsApp, alama za bluu zinaonekana, halafu wanasema simu ilikuwa kwa mtoto. Ndo maana nawasihi wenye amri zao msiende wenyewe na ndugu zenu kumrushia mtu karatasi uani kwake mkagombana, tumieni mpeleka samansi wa mahakama, akikataa kusaini yule mpelekaji ataapa kiapo aandike siku, saa, mahali na alichojibiwa, kiapo hicho ndo kinamnyima mtu nafasi ya kusema sikujua. Na yule aliyekuwepo ndani ya chumba siku amri inasomwa, kama wale wapwa, huyo sijui atasema nini. Toka mwaka 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama kisheria, hata kile kisingizio cha "waliongea Kizungu sikuambulia" kimepungua nguvu.

Nikiri pia wapo ambao kweli hawakujua, kijana kaitwa kwa kibarua cha siku moja na mashine yake, anaonyeshwa shamba anaambiwa angusha, huyo huwezi kumweka fungu moja na aliyemtuma. Ila akishaambiwa papo hapo kwamba kuna zuio, akaonyeshwa nakala, akawasha mashine tena, hapo ameshajiingiza. Vilevile anayenunua kiwanja huku anajua kimewekewa zuio kwa kuwa kapewa bei ya chini, na anayepakia mkaa wa mti anaojua unagombewa. Wanasaidia kuvunja amri wakiwa macho wazi.

Sasa kuna hoja moja ambayo ni ya watu wenye akili zao na inabidi ijibiwe. Wanasema je kama amri yenyewe ina makosa, hakimu kakosea, mwombaji kadanganya kwenye kiapo, nitii uongo? Jibu ni ndiyo, unatii, na wakati unatii unakwenda kuipinga. Hiyohiyo Amri ya 37 inamruhusu yeyote asiyeridhika na zuio aombe mahakama ilifute, ilibadilishe au iliondoe. Mlango upo. Mawakili wanapenda kutaja kesi ya Uingereza ya mwaka 1952, Hadkinson, ambapo mama mmoja alimchukua mtoto wake akampeleka Australia bila ruhusa ya mahakama wakati amri ilimtaka asimtoe, baadae akataka kukata rufaa, Mahakama ya Rufani ya huko ikamwambia hatukusikilizi mpaka umrudishe mtoto kwanza. Msimamo uliotoka pale ni kwamba amri ya mahakama yenye mamlaka inatiiwa na kila inayemhusu mpaka siku itakapoondolewa, hata kama mhusika anaamini ina kasoro au ni batili. Mimi naona ni haki kabisa. Maana kila anayeshindwa anaamini hakimu kakosea, hakuna aliyewahi kutoka mahakamani ameshindwa akasema leo nimetendewa haki, na kama kila mmoja aruhusiwe kupima mwenyewe ipi ya kutii basi anayebaki na shamba ni mwenye vijana wengi na mashine.

Na asiseme mtu kwamba haya ni kwa wanyonge tu. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimhukumu Jacob Zuma, mtu aliyekuwa rais wa nchi, kifungo cha miezi 15 kwa sababu alikataa amri ya mahakama iliyomtaka afike mbele ya tume ya kuchunguza rushwa. Hakuhukumiwa kwa rushwa yenyewe, alihukumiwa kwa kukaidi. Zikatokea vurugu, watu zaidi ya 300 wakapoteza maisha, na baadae akatolewa kwa sababu za afya, hayo yote yalitokea na yanauma, lakini alikwenda jela kwa miguu yake. Sasa wewe wa kwetu hapa unayesema mahakama iko mjini una nini kumzidi?

Nije kwa viongozi wetu wa chini. Hapa naongea kwa uchungu maana ndo wanaoweza kuokoa miti kabla haijaanguka. Mwenyekiti wa kitongoji anajua, mtendaji anajua, nakala iko kwenye droo yake. Mwenye zuio akipiga simu kwamba wameingia shambani anaambiwa "hayo mambo ya mahakama, mimi simo". Akienda polisi anaambiwa hiyo ni madai, rudi mahakamani. Akirudi mahakamani ni Jumamosi, pamefungwa. Wanaovunja wanajua hii ratiba vizuri sana, hata hapa mjini kwenye viwanja msingi unachimbwa Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi ukuta umeshafika dirishani. Sitaki kumtupia lawama mtu mmoja au kituo kimoja, nasema kwa ujumla tulivyozoea. Mtendaji hana kazi ya kuamua kesi, sawa, lakini ana kazi ya kulinda amani, kwenda pale shambani na nakala mkononi, akaisoma kwa sauti mbele ya vijana wale, akaandika majina yao na saa. Hata wasiposimama, yale maandishi yake kesho ndo ushahidi kwamba walijua wakaendelea. Na mwenye zuio ukiona hivyo piga picha yenye tarehe, chukua mashahidi wawili watatu wasio ndugu zako, hesabu visiki, Jumatatu asubuhi uwe kwa wakili mnafungua maombi ya aliyekaidi aitwe ajieleze. Wengi wanaishia kulia na kutuma sauti kwenye magrupu ya ukoo, hawafungui maombi, na yule anaona kumbe hamna kitu anaendelea na nusu iliyobaki.

Korosho nazo zina njia yake ya kusema ukweli. Siku hizi mzigo ukipita AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unaandikwa, unaenda ghala kuu, unauzwa mnadani na hela inaingia kwenye akaunti ya mtu mwenye jina. Kwahiyo aliyezuiwa kuvuna akavuna, akapeleka kwa jina la mtoto wake ambaye hana hata mti mmoja, kumbukumbu ziko palepale chamani, ombeni mahakama iamuru ziletwe. Wanaojua hilo wanakimbilia kangomba, yaani magendo ya korosho, wanauza usiku kwa kipimo cha kuibiwa, bei nusu, ili mradi pasiwe na karatasi. Unamkomoa mwenzako huku na wewe unapunjwa.

Nirudi kidogo mahakamani kwenyewe, kwa heshima zote. Baadhi ya amri zinatolewa kwa maneno mafupi mno, "pande zote zibaki na hali kama ilivyo". Huku shambani mwezi wa kumi korosho zinadondoka zenyewe, hazingoji tarehe ya kesi, sasa hali kama ilivyo ni ipi, ya nani kuokota? Mama anasema nilikuwa naokota mimi mwaka jana, mpwa anasema siku amri inatoka mimi ndo nilikuwa nimeshapalilia na kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho. Kila mmoja anaona amri imempa yeye, wote wanaingia na vikapu, mapanga yanatoka. Halafu ukimshtaki mtu kwa kudharau amri ya namna hiyo anaweza kusimama akasema haikuwa wazi, na akasikilizwa. Sheria inaruhusu mahakama kuweka masharti kwenye zuio, kama kutunza hesabu na kuweka dhamana, basi mawakili waombe hivyo na mahakama iseme, shamba lenye mipaka hii na hii, fulani ataokota, atapima kwenye chama fulani, hesabu ataileta hapa, hela haitaguswa mpaka hukumu. Nimechapa maombi machache yaliyoandikwa kwa undani huo. Machache sana. Mengine yote yananakiliwa kutoka kesi ya nyumba ya Dar es Salaam, korosho hazimo kabisa.

Kwa aliyekwisha kukaidi na anasoma hapa, njia ya kurudi ipo. Kuwekwa ndani kwenye madai hakujawekwa ili kukukomoa, nia kubwa ni utii, ndo maana sheria imeacha nafasi ya kutolewa kabla ya muda. Simamisha unachofanya leo, nenda na wakili wako kaombe radhi kabla hujaitwa, rudisha kinachorudishika, kama ni uzio uondoe, kama ni hela ya korosho ipeleke mahakamani. Na kwa aliyevunjiwa zuio, tafadhali usilipize. Ukienda na wewe kukata miti yake ya upande wa pili au kuchoma kibanda chake umeshageuka mshtakiwa, hakimu atakuwa na wakosaji wawili mbele yake na kesi yako nzuri umeiharibu.

La mwisho ni hili na ndilo lililonifanya niandike sasa hivi nisingoje. Zuio la muda lina umri. Sheria inasema litakaa kwa kipindi ambacho mahakama itataja lakini kisizidi miezi sita, na linaweza kuongezwa ila jumla yake isizidi mwaka mmoja, na halijiongezi lenyewe, aliyepewa ndo anatakiwa kuomba na aonyeshe kwamba anafuatilia kesi yake kwa bidii. Sasa pigeni hesabu na kalenda yetu. Ugomvi mwingi wa mashamba huku unaamka mwezi wa nne na wa tano watu wanapoanza kusafisha chini ya mikorosho na kujiandaa na salfa, mtu anapata zuio mwezi wa tano, anaweka kwenye sanduku anapumzika roho. Miezi sita inaishia Novemba, katikati ya msimu, minada inaendelea, magunia yako kila kona. Mwenzake anahesabu siku. Zuio likifa leo kesho anaingia kuokota, na hapo huwezi kumshtaki kwa kudharau amri ambayo haipo. Nimewaona wanaokuja mbio na amri iliyokwisha muda wanataka nichape maombi ya kumfunga mtu, nawasomea tarehe wanakaa chini kwenye benchi.

Kwahiyo nawaomba wenye mazuio ya mashamba, Newala, Tandahimba, Nanyamba, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, Lindi vijijini, toeni karatasi zenu mwangalie tarehe, na kama linaishia ndani ya msimu mwambieni wakili afungue maombi ya kuongeza muda mapema kabla halijafa. Na kwa uongozi wa mahakama zetu naomba jambo moja tu linalowezekana, kila zuio la shamba likitoka, tarehe ya mwisho iandikwe kwa namba kubwa juu ya karatasi, na nakala ibandikwe ofisi ya kijiji na kwenye ubao wa AMCOS pale wanapobandika bei za mnada, maana pale kila mtu anasoma.

Msomaji wenu,
Ligula, Mtwara.